Dawa ya ukungu haichagui: kinachoua chachu ndani ya kakao yetu

Msimu uliopita, siku ya soko, mama wawili walileta kakao kavu kwenye depo ya koperative hapa Kamango. Ni majirani. Mashamba yao yanatenganishwa na kijia kimoja tu, miti yao ni ya umri mmoja, na wote wawili walifuata mafunzo yetu: kuvunja kabosi, kuvundika, kugeuza siku ya pili na siku ya nne, kuanika siku ya sita. Mpokeaji wa depo akachukua mbegu mia moja ndani ya kila mfuko, akazikata katikati na kisu, akazipanga juu ya ubao.

Mbegu za mama wa kwanza zilikuwa za kahawia, na ndani zilikuwa na mipasuko mipasuko, namna tunavyotaka. Za mama wa pili, karibu nusu zilikuwa na rangi ya ardwazi ya wanafunzi, kavu na zimeshikana kama kipande cha mbao. Zilizobaki zilikuwa za zambarau. Kahawia zilikuwa chache za kuhesabika.

Mama hakumwangalia mpokeaji. Aliniangalia miye.

"Agronome, nilifunika siku sita, sawa vile ulituonyesha. Nilihesabu na vidole. Juu ya nini kakao yangu haikuiva?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimwuliza tu rundo lilikuwa namna gani siku ya pili. Akasema lilikuwa baridi. Halikutoa harufu ya pombe, na maji yaliyotoka chini yalikuwa kidogo sana. Siku tatu baadaye nilienda kwake, na jibu nililiona nyuma ya jikoni: pipa la plastiki la bluu. Misimu miwili mume wake alikuwa anachanganyia humo dawa ya shaba, ile ya kupiga kabosi zisioze. Pipa lilipopasuka juu, wakaona halifai tena kwa dawa, wakalisukutua na maji, wakalitoboa matundu chini na msumari wa moto, wakavundika kakao ndani. Nilikwaruza sehemu ya chini na ukucha. Ukucha ulitoka na unga wa kibuluu.

Kosa hili nusu yake ni langu. Nilifundisha hesabu ya siku, nilifundisha kugeuza, nilifundisha hata matundu ya chini. Sikufundisha kuuliza: chombo hiki kilibeba nini kabla ya kakao? Kwa hiyo ukurasa huu ni wa kulipa deni.

Wafanyakazi ndani ya rundo

Tunapopasua kabosi, mbegu zinatoka zimefunikwa na ute mweupe, mtamu, wenye ukali kidogo. Watoto wanaunyonya. Ute huo una sukari nyingi, karibu gramu 10 mpaka 15 ndani ya kila gramu 100, na una asidi ile ile iliyo ndani ya limau. Ni chakula kilichokwisha kupangwa mezani. Mara tu kabosi inapofunguka, wageni wanaingia: wanatoka kwenye mikono yetu, kwenye kisu, kwenye majani ya ndizi, kwenye mbao za sanduku, na kwenye miguu ya vile vinzi vidogo vinavyopenda ndizi mbivu.

Mgeni wa kwanza ni chachu. Ni kiumbe hai cha chembe moja, kidogo hata jicho haliwezi kukiona. Familia yake ndiyo inayoumua mkate, na ndiyo inayochachua kasikisi ya ndizi. Levire tunayonunua dukani ni chachu iliyokaushwa, imelala, inangojea maji na sukari.

Chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili: pombe na hewa ya kabonike, ile inayofanya povu. Hapo hapo inavunja ute, maji yanatiririka chini, na nafasi inafunguka kati ya mbegu. Siku ya pili tunageuza, hewa ya inje inaingia. Sasa zinakuja bakteria zinazobadilisha pombe kuwa siki. Kazi hiyo inatoa moto mwingi: rundo linapanda mpaka digri 45 au 50. Ukitia mkono ndani, unautoa haraka.

Siki na moto ndivyo vinavyoua mbegu. Tunataka ife, kwa sababu ikifa kuta za ndani zinabomoka, vimiminiko vilivyokuwa vimetengana vinakutana, na hapo vinaanza kuzaliwa vitu vitakavyotoa ladha ya shokola wakati wa kukaanga. Kiwanda hakiwezi kutengeneza ladha hiyo kama haikuanzia kwetu.

Angalieni mnyororo huu. Bila chachu hakuna pombe. Bila pombe hakuna siki. Bila siki hakuna moto. Bila siki na moto mbegu haifi vizuri, na ndani inabaki na rangi ya ardwazi. Yule mama alifunika siku sita za kweli, lakini wafanyakazi wake walikufa siku ya kwanza.

Chachu ni ndugu ya ukungu

Dawa ya shaba tunaipiga juu ya ugonjwa wa kuoza kwa kabosi, ule ambao vitabu vinauita Phytophthora. Hapa Watalinga, na mvua tulizo nazo na kivuli tulicho nacho, ugonjwa huu unakula kabosi nyingi, na dawa ya shaba inasaidia kweli. Sisemi tuiache. Ninasema tujue inafanya kazi namna gani.

Shaba haina adui mmoja. Ikiyeyuka ndani ya maji, inashika ngozi ya chembe na kuitoboa, halafu inaingia ndani na kugandamana na zile mashine ndogo zinazovunja sukari. Inafanya hivyo kwa kidudu cha kuoza, inafanya hivyo kwa ukungu wa majani, na chachu yenyewe ni ya ukoo wa ukungu. Dawa haiwezi kusema: huyu ni adui wa mulimaji, huyu ni mfanyakazi wake. Yote inapiga.

Na ute wa kakao una asidi. Asidi inayeyusha shaba iliyokauka ukutani mwa pipa. Unga ule wa kibuluu ungekaa kimya ndani ya maji safi. Ndani ya ute uliamka.

Dawa hii ina historia, na historia yake iko karibu na chachu tangu mwanzo. Mwaka 1885, kule Bordeaux nchini Ufaransa, mtaalamu Pierre Millardet alitangaza kwamba mchanganyiko wa shaba na chokaa unazuia ugonjwa wa majani ya mizabibu. Ndiyo maana mpaka leo tunauita bui ya Bordo. Lakini walimaji wa zabibu walijifunza pia kwamba shaba ikibaki nyingi juu ya tunda, divai inachelewa kuchacha au inasimama katikati. Shida ya mama wa Kamango ni shida ya zamani.

Chupa tisa juu ya meza

Maneno peke yake hayatoshi. Tulikusanyika kwenye hangari ya koperative, watu kama thelathini, nikapanga chupa tisa za maji za plastiki. Kila chupa niliitia maji ya vuguvugu mpaka nusu, kijiko kidogo cha levire ya mkate, na vijiko viwili vya sukari. Juu ya mdomo wa kila chupa nikavalisha balo ndogo ya watoto, ile ya kupuliza. Chachu ikifanya kazi, hewa inapanda na balo inasimama. Ikifa, balo inalala. Kila chupa ilikuwa na kitu chake:

1. Sukari na levire tu.
2. Levire bila sukari.
3. Levire iliyomwagiwa maji ya kuchemka.
4. Vijiko viwili vikubwa vya chumvi.
5. Maji ya limau moja.
6. Kijiko kikubwa cha majivu ya jikoni.
7. Kijiko cha sabuni ya unga.
8. Kijiko kidogo cha zhaveli.
9. Dawa ya shaba, ncha ya kisu.

Mbili za mwisho nilizitayarisha miye mwenyewe na glovu mikononi, mbali na watoto. Baadaye chupa hizo zilitobolewa ili mtu asije akazitilia maji ya kunywa.

Mbele ya kuanza niliwaomba watu wabahatishe. Wengi walisema limau itaua chachu, kwa sababu ni kali. Papa mmoja mzee alikataa: "Mbona kakao yenyewe ni kali, na inachacha?" Alikuwa na haki.

Kisha saa moja, balo ya kwanza ilikuwa imesimama wima. Ya limau ilikuwa karibu sawa nayo. Ya pili, bila sukari, ilijaa kidogo sana: mfanyakazi yuko, chakula hakuna. Ya maji ya kuchemka ililala kabisa. Ya chumvi ilichelewa, ikabaki ndogo. Ya majivu ilichelewa pia. Ya sabuni ilitudanganya kidogo, kwa sababu chupa ilijaa povu, lakini balo yenyewe ilibaki imelegea. Ya zhaveli na ya shaba zilikuwa zimeanguka upande, sawa nguo iliyoloa.

Mama wa pipa la bluu alikuwa amekaa mbele. Aliinuka, akaigusa ile balo ya tisa na kidole, akarudi kukaa. Hakusema kitu.

Jaribio hili mnaweza kulifanya katika kila kikundi, na chupa saba za kwanza zinatosha. Dawa ya shaba muiache mpaka agronome au animateri awepo. Na muangalie tarehe ya levire: ikiwa imezeeka, balo zote zitalala na hamtajifunza chochote.

Tuchukue kimoja kimoja

*Chumvi na sukari nyingi.* Chumvi haichomi chachu. Inavuta maji yaliyo ndani yake mpaka inanyauka, sawa samaki wa chumvi. Sukari ikizidi sana inafanya vile vile. Ndiyo maana asali safi inakaa miaka bila kuchacha, lakini ukiitia maji inaanza kutoa povu.

*Limau na siki.* Chachu inapenda ukali wa kiasi. Ute wa kakao ni mkali tangu mwanzo, na ukali huo unasaidia: unafukuza bakteria za kuozesha zisiingie kwanza. Msijaribu kuondoa ukali wa ute na kitu chochote.

*Majivu na chokaa.* Hivi vinafanya kinyume cha limau: vinaua ukali. Chachu inachoka, na bakteria za uozo zinapata mlango. Sanduku lisivundikwe juu ya majivu, na mbegu zisipakwe majivu ili zikauke haraka.

*Sabuni.* Ngozi ya chachu ina mafuta, na sabuni kazi yake ni kuvunja mafuta. Basani iliyooshwa na sabuni bila kusukutuliwa vizuri inapunguza nguvu ya rundo. Tena mbegu ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta yanashika harufu. Manukato ya sabuni yanaweza kusafiri na mbegu mpaka kwa mwonjaji.

*Zhaveli.* Hii inaunguza kila chembe hai inayoigusa, ndiyo maana wakati wa kolera na Ebola tuliosha mikono na maji ya klori. Kwa afya ni rafiki. Ndani ya sanduku la kakao ni adui, kwa sababu mbao zinainywa na kuitoa polepole. Na klori ikikutana na vitu vilivyo ndani ya kakao inaweza kuacha ladha ya dawa ya hospitali. Tahadhari moja zaidi: msichanganye kamwe zhaveli na limau, siki au maji ya kakao. Inatoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu.

*Dawa za wadudu.* Nyingi kati yake haziui chachu. Rundo linaweza kupata moto vizuri, rangi ikawa ya kahawia, na bado kakao ikawa mbaya, kwa sababu dawa nyingi za namna hii zinapenda mafuta. Zinaingia ndani ya mbegu na kukaa. Jicho la mpokeaji halizioni. Mashine ya laboratware ya mnunuzi inaziona.

*Chuma.* Siki inakula chuma. Ukivundika ndani ya nusu pipa la chuma, kutu na rangi ya pipa vinaingia ndani ya kakao, mbegu zinafanya madoa meusi na ladha ya chuma. Misumari ya sanduku pia isiguse mbegu. Tunatumia vijiti vya mbao au tunaizamisha ndani.

*Pombe yenyewe.* Hii inashangaza watu. Pombe ambayo chachu inatengeneza ni sumu kwake pia. Ikizidi, inasimama. Kasikisi haiendelei kuwa kali bila mwisho kwa sababu hiyo. Katika kakao, bakteria za siki zinakuja kuila pombe, halafu moto wao unamaliza chachu iliyobaki. Hatulii, maana mfanyakazi huyu amemaliza zamu yake. Shida ni akifa kabla ya kuianza.

"Basi tutie mbolea?"

Siku ile ya chupa, kijana mmoja aliuliza: kama kuna vitu vinavyoua chachu, hakuna vinavyoipa nguvu? Swali lake ni zuri, na watu wakubwa wa sayansi waliliuliza.

Mwaka 1897, Mjerumani Eduard Buchner alisaga chachu na mchanga mpaka chembe zikapasuka, akakamua maji yake, akatia sukari. Maji yale yasiyo na kiumbe hai yakaanza kutoa povu. Ndipo ilijulikana kwamba ndani ya chachu kuna vitu, sisi tunaviita anzime, vinavyofanya kazi ya kuvunja sukari. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Miaka michache baada ya jaribio la Buchner, kule London, Arthur Harden aliona kwamba akiongeza fosfati ndani ya maji ya namna hiyo, kuchacha kunaongezeka kasi. Naye alipata Nobel, mwaka 1929.

Kuna kisa kingine. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Ujerumani ilikosa mafuta ya kutengenezea gliserini, na gliserini ilihitajika kwa baruti. Wanasayansi wao wakatia chumvi ya salfiti ndani ya mapipa ya sukari na chachu. Chachu haikufa, lakini njia yake ikageuzwa: badala ya kutoa pombe peke yake, ikatoa gliserini nyingi. Kwa hiyo kitu kidogo kinaweza kuua chachu, kuisukuma, au kuibadilishia kazi.

Basi tutie mbolea ndani ya kakao? Hapana. Ute wa kabosi iliyoiva una sukari, una fosfati, una naitrojeni. Chachu inapata kila kitu. Mbolea ya shamba haikutengenezwa kuliwa, na hatujui imebeba nini ndani. Chakula bora cha chachu ni kabosi iliyoiva kweli. Kabosi mbichi ina sukari kidogo, na ile iliyoiva kupita kiasi imekauka ute.

Tunafanya nini sasa

Kamati ya koperative ilikubaliana juu ya mambo haya, na ninawaomba koperative za Nobili, Mutwanga, Bulongo na Oicha mzungumze juu yake katika mkutano wenu.

- Chombo kilichobeba dawa ya aina yoyote, au mbolea, au mafuta ya motokari, hakirudi kwenye kakao. Kukiosha hakutoshi. Kipakwe alama nyekundu ili hata mtoto aijue.
- Pompi ya dawa na pipa lake vikae nyumba nyingine, mbali na hangari ya kuvundikia.
- Tunafuata siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa kati ya kupiga na kuvuna. Kama karatasi imeng'oka, dawa hiyo hatuinunui. Nyingi zinavuka mpaka zikiwa ndani ya vichupa visivyo na jina.
- Aliyepiga dawa asubuhi hapasui kabosi siku hiyo. Mikono na nguo zake zimebeba shaba. Ganda la kabosi linalinda mbegu vizuri, lakini mkono na kisu vinaibeba sumu kutoka ganda mpaka ute.
- Vipande vya ganda haviingii ndani ya rundo, na kabosi zilizooza hazichanganywi.
- Sanduku la mbao linaoshwa na maji safi na burosi, linaanikwa juani. Bila sabuni, bila zhaveli. Chachu za msimu uliopita zimelala ndani ya mbao, tunazihitaji.
- Kama zhaveli ilitumika tayari, sukutua mara nyingi na uanike mpaka harufu iishe kabisa.
- Rundo lisiwe chini ya kilo 60 za mbegu mbichi. Dogo zaidi halishiki moto, hata kama chachu ni nzima. Wenye kidogo waungane majirani wawili au watatu.

Na jambo la mwisho: kisha saa 24, nusa. Rundo zima linanukia pombe na maji yanatoka. Kisha saa 48, tia mkono. Ikiwa ni baridi na halina harufu, usingoje siku ya sita. Mwite animateri siku ile ile, mtafute chanzo pamoja. Kakao hiyo ikaushwe peke yake, na isichanganywe na ya wengine.

Mfuko mmoja, loti nzima

Wengine watauliza kama tabu hii yote ina faida. Wazee wetu wanakumbuka kahawa. Trakeomikozi ilikausha robusta ya Beni, na mwaka 1993 Uganda ikauona ugonjwa huo Bundibugyo, hapa ng'ambo tu. Watu wengi wa huku walipanda kakao kwa sababu kahawa ilikufa. Hatuna zao la tatu linalongojea mlangoni.

Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 10 000 kwa tani, na mwezi wa kumi na mbili ikapita 12 000. Bei ikiwa namna hiyo, mnunuzi anachukua kila kitu, hata mbegu za ardwazi. Ikishuka, anaanza kuchagua. Kwa kanuni za kimataifa, kakao ya daraja la kwanza haipaswi kuwa na zaidi ya mbegu 3 za ardwazi ndani ya 100. Mfuko wa yule mama ulikuwa na karibu 50.

Kamati ilibishana sana juu ya mfuko huo. Wengine walisema: tuchanganye ndani ya loti kubwa, nani ataona? Mwekahazina akajibu kwamba loti ina jina moja tu juu yake, jina la koperative, na kama shaba au kitu kingine kikionekana ndani yake, haitarudishwa mifuko ya mtu mmoja. Waliuweka kando. Mama alipoteza kazi ya wiki tatu, mwanzoni mwa mwaka wa shule, na sikujua nimwambie nini. Wanachama walichanga kumsaidia sehemu ya minerval ya watoto. Haikufika bei ya mfuko.

Tunajua pia kwamba si kila kakao mbaya inatoka kwa dawa. Kuna wanaovundika siku mbili tu kwa sababu wanaogopa kuibiwa, au kwa sababu risasi zimesikika. Mwezi wa saba 2013, makumi ya maelfu ya watu wa Kamango na vijiji vya karibu walivuka kwenda Bundibugyo na vitu vichwani, na tangu hapo watu wa huku wamekimbia tena na tena. Mtu wa namna hiyo hahitaji agronome wa kumlaumu. Ajue tu kwamba ni bora auze mbichi kwa kikundi kilicho mahali salama, kuliko kukausha mbegu ambazo hazikuchacha.

Lakini pipa la bluu halikuletwa na vita. Lilikuwa nyuma ya jikoni, na tungeweza kuliona kama tungeuliza.

Msimu huu mama yule na jirani yake wanavundika pamoja, ndani ya sanduku moja la mbao. Wiki iliyopita nilipita kwao siku ya pili asubuhi. Kabla sijafika uani niliisikia harufu. Mama akafunua majani ya ndizi na kuniambia nitie mkono. Niliutia, nikautoa haraka, naye akacheka. Pipa la bluu bado liko nyuma ya jikoni, lina alama nyekundu mbili, na ndani yake wametia udongo na kuotesha vitunguu. Nilimwambia vitunguu hivyo wasivile, na pipa wasilichome moto. Walipeleke kwa animateri pamoja na vichupa vitupu vya dawa. Akaniuliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwaka jana.

Kwa hiyo, wandugu walimaji, maswali yenu muyape animateri wa koperative yenu, yaandikwe au yasemwe. Na kabla ya kuvunja kabosi wiki hii, mtembelee mapipa, mabidoni na mabasani yenu, kimoja kimoja, muulize: kilibeba nini?